Jinsi ya kuandaa panto ya Krismasi ya familia (Cinderella) ukiwa Uingereza: mwongozo kamili kutoka kwa mtu aliyeshachafuka povu

Kwanza tuelewane kwenye neno lenyewe. Panto, kifupi cha pantomime, ni mchezo wa vichekesho na nyimbo wa msimu wa Krismasi, siyo yale maigizo ya kimya, ya mtu kapaka uso mweupe anajifanya anasukuma ukuta ambao haupo. Mi mwanangu alipoleta karatasi ya shule mara ya kwanza kwamba darasa linapelekwa kuangalia pantomime nikajua ndo hayo, nikamwambia baba yake huyu watamrudisha kabla ya mapumziko maana hajawahi kunyamaza dakika kumi toka azaliwe. Nikaenda naye kama mzazi wa kusindikiza. Jamani! Ukumbi mzima unapiga kelele, mabibi wenye mvi wanazomea, mwanaume mzima kavaa gauni na kifua cha kubandika anagombana na watu wa mstari wa mbele, na mwanangu kasimama juu ya kiti anamfokea muigizaji "yuko nyuma yako!" na hakuna mwalimu hata mmoja anayemwambia kaa chini.

Nikarudi nyumbani nikiwa na wazo moja, kwamba hii ni paukwa pakawa yetu kabisa, wamevalisha tu manyoya. Sisi tumekua bibi akisema "hadithi hadithi" asipojibiwa "hadithi njoo" haanzi, ananyamaza mpaka mjibu. Panto ndo hivyo hivyo, watu wakikaa kimya hakuna mchezo. Kwa hiyo mwaka uliofuata tukajikusanya familia tano za waongea Kiswahili hapa mjini kwetu, Watanzania, Wakenya na familia moja ya Bukavu, tukaandaa ya kwetu. Sasa tumeshafanya tatu. Ya kwanza ilikuwa mbaya, ya pili ilituingiza hasara ya zulia la watu, ya tatu ndo ilisimama. Haya ninayoandika yametoka humo.

Historia kidogo, haraka. Mambo yalianzia kwenye vichekesho vya Kitaliano vya kina Harlequin (yule mtumishi mjanja mwenye nguo za viraka), London wakavichukua, na John Rich akawa anavionyesha ukumbi wa Lincoln's Inn Fields kuanzia 1717 hivi, yeye mwenyewe akicheza Harlequin bila kusema neno, na jina la mchezo wa kimya likashika. Afu mwaka 1806 Joseph Grimaldi akawavunja watu mbavu Covent Garden kwenye panto ya Mother Goose. Sheria ya 1843 ikaruhusu kumbi zote zicheze maigizo ya maneno, midomo ikafunguka na haijafunga tena mpaka leo. Jina la kimya likabaki kwenye kitu chenye makelele kuliko vyote Uingereza.

HATUA YA 1: nendeni mkaone moja kwanza

Usiandike chochote kabla hujaona. Msimu unaanza mwishoni mwa Novemba unaishia Januari mwanzoni, na karibu kila mji wenye ukumbi wa maana una panto yake. Mkikosa tiketi za kumbi kubwa tafuteni vikundi vya kujitolea vya vijijini, vingi vinaonyesha Januari hata Februari, tiketi ni rahisi na kwa kweli unajifunza zaidi kwa sababu unaona wanavyohangaika na pazia linalokwama. Kama una mtoto anayesumbuliwa na kelele au taa ulizia onyesho tulivu, kumbi nyingi huwa na moja wanapopunguza sauti na mtoto anaruhusiwa kutoka na kuingia.

Mkiwa humo ndani waambie wakubwa wahesabu kitu kimoja tu, watazamaji wameongea mara ngapi. Sisi tulifika hamsini tukaacha. Angalia pia mtu mbaya anavyoingia, huwa anatokea kushoto (kushoto kwake yeye akiwa anatutazama) na yule bibi wa miujiza (fairy, mwenye uchawi mwema) anatokea kulia. Inasemekana ni mabaki ya maigizo ya kanisani ya zamani, mbinguni kulia na motoni kushoto. Sisi wala hatuhitaji kuelezwa, nani kwetu anampa mtu chakula kwa mkono wa kushoto.

HATUA YA 2: hadithi

Chagua Cinderella, yule binti anayeonewa na mama wa kambo na madada, afu prinsi anamtafuta kwa kiatu alichoacha karamuni. Najua watu watasema Aladdin, watasema Jack na mti wa maharage, lakini Jack anataka ng'ombe wa watu wawili ndani ya ngozi moja, na huyo wa nyuma ataumwa mgongo wiki nzima nakwambia. Aladdin inabeba mzigo mwingine, yale mavazi na lafudhi za kuwaigiza Wachina, na mi sitaki kuanza kuwaeleza wanangu kwa nini tunacheka watu wengine wakati wao shuleni ndo wanachekwa. Cinderella ina vitu vyote: mwonevu, mwonewa, wacheshi wawili, uchawi, saa, kiatu, harusi.

Tumia ile ya Charles Perrault, Mfaransa, ya 1697. Ndo yenye boga linalogeuka gari, panya wanaogeuka farasi, mijusi wanaogeuka watumishi na kiatu cha kioo. Ya ndugu Grimm ya 1812 haina boga wala bibi wa miujiza, ina mti juu ya kaburi na ndege, na madada wanajikata vidole na kisigino ili kiatu kiingie, damu mpaka kwenye soksi. Siyo ya siku ya Krismasi hiyo. Na usichukue nyimbo wala majina ya panya ya filamu ya Disney ya 1950, hadithi ni ya kila mtu lakini hivyo ni mali ya watu. Vile vile skripti za panto zinazouzwa unalipia haki ya kuonyesha, hautoi tu fotokopi ukamaliza. Kwa hiyo andikeni yenu, na ndo tamu zaidi.

HATUA YA 3: ukumbi na mambo ya halmashauri

Ukumbi wa kanisa au wa jamii, na uubuki Septemba. Siyo Novemba. Disemba kuna michezo ya kuzaliwa Yesu, sherehe za maofisi, chakula cha wazee, utaambiwa hamna nafasi mpaka Pasaka. Sisi tunapenda tarehe 27 au 28, watu wapo likizo, nyama imeshaliwa, watoto wameshachoka na midoli mipya na wakubwa wameshachokana. Lipia masaa sita hata kama onyesho ni saa moja na nusu, kupanga viti na kufuta sakafu kunakula muda kuliko unavyodhani.

Kwa England na Wales mchezo wa kuigiza kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku wenye watazamaji wasiozidi 500 hauhitaji leseni ya burudani. Mkitaka kuuza pombe ndo mnatoa taarifa halmashauri, ada ni pauni 21 na wanataka siku kumi za kazi kabla, sisi tukaona chai ya tangawizi inatosha. Mkialika umma na watoto wanacheza, ulizia leseni ya watoto mapema. Kwa kawaida kama mtoto hajacheza zaidi ya siku 4 ndani ya miezi 6, halipwi na hakosi shule, hamna shida, ila piga simu uwe na amani. Na waulize wenye ukumbi kama bima yao inawahusu na nyie.

HATUA YA 4: nani awe nani

Hapa ndo undugu unapopimwa.

Dame kwanza. Huyu ni mwanaume kavaa kike, na kwenye Cinderella wako wawili, madada wabaya. (Kwetu mtaani demu ni msichana mrembo, huku Dame ni mzee wa kitambi, watoto wetu waliochanganya lugha walicheka hilo peke yake siku nzima.) Kosa tulilofanya mwaka wa kwanza ni kumchagua kijana mwembamba mzuri wa sura, akapakwa mekapu vizuri, akapendeza, watu wakanyamaza wakimwangalia. Dame asipendeze! Inabidi kila mtu ajue huyu ni mwanaume, sauti yake ibaki nzito, ndevu ziachwe kama zipo, viatu vikubwa, wigi limekaa upande. Dan Leno, aliyekuwa Dame mkubwa wa Drury Lane kuanzia 1888, alisifika kwa kuwacheza wale wanawake wa kawaida wa mtaani wenye maneno mengi, na hapo ndo kwenye siri. Kaka yangu alipopewa dada mkubwa alikataa, mwanaume gani nivae gauni mbele ya wakwe. Tukamwambia usicheze mwanamke, mcheze yule shangazi wa kwenye harusi anayekagua sahani za watu. Basi hatukuweza tena kumtoa kwenye hilo gauni. Wazee waelezeni mapema, waambieni ni kichekesho cha Krismasi cha huku cha miaka na miaka, na mpeni mzee mmoja kazi humo humo. Babu wa watoto wetu ni Baron Hardup, baba yake Cinderella, kazi yake ni kusinzia na kuamka kuuliza chakula kiko wapi. Hakuhitaji mazoezi.

Prinsi kwa desturi alichezwa na msichana mwenye buti ndefu anajipiga paja kila akisema neno la kishujaa. Siku hizi kumbi nyingi zinaweka mwanaume tu. Sisi tulimpa binti wa Bukavu wa miaka kumi na tano mwenye sauti, akalipiga lile paja mpaka watoto wa mbele wakaanza kumuiga, kila akijipiga nao pa! Mtumishi wake anaitwa Dandini, jina limetoka kwenye opera ya Rossini ya 1817, na utani wao ni kubadilishana nguo, mtumishi anakuwa prinsi kwa muda na madada wanamganda asiyestahili.

Buttons ndo moyo wa mchezo. Ni kijana wa jikoni anayempenda Cinderella na hampati, na ndo rafiki wa watoto. Mpe mtu anayeweza kuongea na watoto bila kuwaigizia utoto. Kwetu ni mwalimu wa Sunday school, hana aibu hata kidogo.

Mama wa kambo sasa. Naomba hapa msikilize. Kwenye ukumbi wetu kuna mama wa kambo wa kweli watatu, tena wazuri, na watoto wao wamekaa nao. Mwaka wa kwanza tulizomea "mama wa kambo! mama wa kambo!" na niliona mtoto mmoja akimwangalia mama yake. Siku hizi tunampa jina lake la kuchekesha, tunazomea jina, na Buttons ana mstari mmoja mwanzoni kabisa kwamba "mi mwenyewe nimelelewa na mama wa kambo na ndo aliyenifundisha kupika, huyu hapa ni mbaya kwa juhudi zake mwenyewe". Watu wanacheka na jambo limekwisha.

HATUA YA 5: skripti

Kurasa kumi na mbili, zisizidi kumi na tano. Sehemu ya kwanza dakika 40, mapumziko, ya pili dakika 30. Anza kwa kuandika watazamaji wanasema nini, kwa rangi nyekundu, afu ndo ujaze waigizaji katikati. Kinyume na hapo utaandika tamthilia ya radio.

Midomo ya watazamaji ina kazi kama nne. Ya kwanza ni salamu: Buttons anaingia anawafundisha kwamba kila nikisema "Paukwa!" nyie semeni "Pakawa Buttons!" Wakijibu kidogo anatoka nje anaingia upya. Anarudia mara mbili, mara ya tatu wanavunja dirisha. Hiyo salamu anaitumia kila akiingia mpaka mwisho. Ya pili ni kuzomea mbaya. Ya tatu ni ubishi, na kwa Kiswahili ubishi unakaa vizuri kuliko Kiingereza maana maneno ni mafupi:

Dada mkubwa: Mimi ndo mzuri kuliko wote humu!
Watu: Siyo!
Dada: Ndiyo!
Watu: Siyo!
Dada: Ndiyo na picha ninayo!

Ubishi usivuke mara tatu, mtachosha watu. Kazi ya nne ni "yuko nyuma yako". Benchi katikati ya jukwaa, Buttons na madada wawili wako msituni wanaogopa, wanakaa waimbe ili wasiogope, wanawaomba watoto wawaambie kama wakiona zimwi. Zimwi linakuja nyuma yao, watoto wanalia "yuko nyuma yako!", wao wanasimama wanazunguka benchi upande mmoja na zimwi linazunguka nao nyuma nyuma, hawalioni, wanakaa. Kila mzunguko linamgusa mmoja begani, anageuka, anapiga ukunga, anakimbia. Anabaki dada mkubwa peke yake, zimwi linamgusa, anageuka, zimwi linamwona uso, linapiga ukunga lenyewe linakimbia. Nimeshaiona mara labda kumi na mbili na bado nacheka.

Mbaya na Bibi wa Miujiza wanaongea kwa vina, ndo mila yao, na hapa jamani sisi tuko nyumbani. Waingereza wanatosheka na kina kimoja mwishoni, sisi tunaweka cha kati na cha mwisho, mizani nane kwa nane. Yule mbaya wetu aliingia hivi:

Mimi ndo mama wa kambo, nyamazeni watu duni,
Mnaozomea, fimbo ninayo hapa kwapani.

Na Bibi wa Miujiza:

Usilie mwana wangu, futa machozi simama,
Hili hapa boga langu, litakubeba salama,
Saa sita rudi kwangu, usikawie kuhama.

Hiyo saa sita ndo ikatupa utani bora wa mwaka jana, bure kabisa. Cinderella wetu kazaliwa hapa hapa, saa anahesabu Kizungu, akaambiwa saa sita akasikia saa sita ya alfajiri, akajibu "asante bibi, nitacheza mpaka kukuche!" Bibi anakataa, wazee wanapiga kelele "ya usiku! ya usikuuu!", watoto wao wanabisha kwamba sita ni sita, Buttons anakuja na saa ya ukutani anaigeuza juu chini kuwaonyesha. Dakika tatu ukumbi wote unagombana kuhusu saa. Tafuteni vitu vya namna hiyo kwenye maisha yenu, huwezi kuvinunua.

Mtiririko wa matukio wa haraka: kijijini na salamu, msituni Cinderella anakutana na prinsi bila kumjua, jikoni na povu, mwaliko unachanwa vipande mbele yake (hapa nyamazeni, acheni watoto wahuzunike, Buttons asifanye mzaha kwa sekunde kama thelathini), kugeuka kwa nguo, mapumziko. Afu karamu, saa inagonga, msituni na zimwi, kiatu, wimbo wa watu wote, harusi.

HATUA YA 6: kugeuka kwa nguo

Watu wazima wengi wanakumbuka panto yao ya utotoni kwa hili tu kwa hiyo tumieni nguvu hapa kuliko kwenye mapazia. Usikodi mashine ya moshi, king'ora cha moto kitalia na mtasimama nje kwenye baridi na mataji yenu.

Njia yetu: wasichana wawili tofauti. Cinderella wa matambara anakaa katikati, Bibi anasema shairi, taa zinapunguzwa, muziki, na watoto wadogo wanane wanaingia kila wawili wameshika kanga imenyooshwa kati yao, wanapishana mbele yake kama mawimbi, kushoto kwenda kulia na kulia kwenda kushoto. Kwenye kanga ya tatu yule wa matambara anatoka kwa kutambaa nyuma ya kanga, na kwenye ya nne anaingia wa gauni, urefu ule ule, nywele zimesukwa vile vile, kaficha uso kwa mikono. Kanga ya mwisho inapita, taa zinawaka, anashusha mikono. Mabinti zangu wamepishana mwaka mmoja na wanafanana basi tukapata kwa urahisi. Usipokuwa na wanaofanana fanya gauni chini na matambara juu yamefungwa kwa velkro mgongoni, Buttons akiwa nyuma yake anavuta mara moja. Ijaribuni mara ishirini. Yetu ya mwaka wa kwanza ilikwama kwenye hereni ya sikio.

Gari: boga la kweli anashika Bibi, analipeleka nyuma ya pazia, linatoka gari la maboksi ya friji yaliyopakwa dhahabu, taa za mti wa Krismasi za betri zimezungushwa, limefungwa pembeni mwa toroli la kubebea mizigo. Mvulana mmoja mwenye nguvu anasukuma. Farasi ni watoto wawili wenye masikio ya panya bado, hatukupata muda, na Buttons akasema "uchawi wa bei nafuu huo" ikawa ndo kicheko kikubwa.

Kiatu nunua duka la misaada, cha plastiki kinachoonyesha ndani, na nunua kikubwa. Mguu wa dada mkubwa tulijaza soksi ndefu na pamba tukashonea kiatu cha namba kumi na mbili, prinsi anavuta unatoka mguu mzima.

HATUA YA 7: povu

Jikoni karibu kila panto ina tukio la kuchafuana. Sisi madada wanapika chapati za prinsi. Usitumie unga wa ngano, ukilowa sakafu inakuwa barafu, na lile zulia nililosema lilikufa kwa unga wa manjano. Povu linalotumika ni la sabuni ya kunyolea, unachukua ile ya kipande au ya krimu unapiga na maji ya uvuguvugu kwenye ndoo kwa mashine ya kupigia mayai mpaka lisimame kama krimu ya keki. Linakaa muda mrefu na linatoka kwenye nguo. Linawasha macho lakini, kwa hiyo sheria: linapakwa kifuani, kichwani, makalioni, kamwe siyo kurushwa usoni. Chini tandika turubai iliyobandikwa kwa utepe wa gundi pande zote nne, waigizaji wavae raba, na tukio liwe kabla ya mapumziko ili mpate kufuta. Pangeni kila upakaji kama dansi, nani anainama lini, maana povu la kubahatisha halichekeshi, povu linachekesha pale watoto wameshaiona sahani na dada hajaiona.

HATUA YA 8: mazoezi

Jumamosi sita, masaa mawili mawili, na chakula, bila chakula hawaji. Tatizo la kufanya mazoezi bila watu ni kwamba waigizaji wanazoea kwenda haraka, siku yenyewe watu wanacheka na wao wanaongea juu ya kicheko. Wekeni watoto watatu wabishi kwenye viti wawe watazamaji toka wiki ya pili. Na kuna mila ya waigizaji wa huku kwamba mistari miwili ya mwisho ya panto haisemwi kwenye mazoezi kabisa, ni nuksi, inasemwa siku watu wapo. Sisi wenye imani zetu tulicheka ila tuliishika, hatukuisema.

SIKU YENYEWE

Tangaza saa nane mchana, andika kwenye tangazo "saa 2:00 pm SIYO saa za Kiswahili", na bado anzeni saa nane na robo. Viti vya mbele ni vya watoto, na acheni njia katikati maana madada watashuka kuwachumbia waume za watu. Mchagueni mapema mzee wa kutaniwa na mumuombe ruhusa kimya kimya. Peremende kumbi nyingi siku hizi hawarushi, wanagawa, na nyie gaweni, ziwe laini, na ulizeni mzio wa karanga mlangoni.

Kabla ya harusi kuna wimbo wa watu wote, ndo unawapa waigizaji muda wa kubadilisha nguo nyuma ya pazia. Maneno mnaandika kwenye shuka kubwa. Sisi tunatumia la kutatiza ulimi, "wale wa liwali wale, wala wali wale wale", upande wa kushoto unaimba na Buttons, wa kulia na dada mkubwa, mara ya pili haraka zaidi, mara ya tatu hakuna anayeweza. Afu Buttons anaita watoto wanne jukwaani anawauliza jina na waliletewa nini Krismasi. Usiwapange. Mwaka jana mmoja alisema aliletewa soksi na kwamba baba alisema hela imeisha, baba mwenyewe yuko mstari wa tatu.

Mwisho wanashuka wote wawili wawili kwa muziki, wadogo kwanza, bwana na bibi arusi mwisho, nguo mpya zinazometameta, na ile mistari miwili inasemwa. Hapo ndo hiyo mistari ambayo hatukuwahi kuisema mazoezini ikampotea prinsi, kinywa wazi, ukumbi kimya, mpaka babu Baron akaamka kweli kweli akauliza chakula kiko wapi. Tukafungia hapo.

Funguo za ukumbi zinarudishwa saa mbili usiku. Kabla ya kufunga piga tochi chini ya redieta, povu hukimbilia huko likikauka linanuka kama kinyozi mpaka Februari, na wenye ukumbi watakupigia.